Mwalimu anayekwenda Vietnam aombe ratiba kabla ya kuulizia mshahara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na vijana wetu wenye shahada wanaojiandaa kwenda Vietnam kufundisha Kiingereza, pamoja na wazazi wanaouza kipande cha shamba ili kuwakatia tiketi. Wakala anapomtafuta kijana, jambo la kwanza analomtajia ni malipo ya saa moja. Kijana anazidisha kwa saa nane, kisha kwa siku 26, na deni la safari linapimwa kwa jumla hiyo. Jumla hiyo haitapatikana. Mwalimu wa kituo cha lugha Hanoi au Ho Chi Minh City hafundishi saa nane mfululizo, kwa sababu wanafunzi wake hawapo mchana.

Kazi hii hufuata muda ambao watu wengine wametoka makazini na mashuleni. Watoto hurudi kutoka shule za serikali alasiri, na watu wazima wanaojiandaa kwa mtihani wa kupima Kiingereza uitwao IELTS hutoka ofisini jioni. Kwa hiyo vituo hujaa kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa tatu usiku, na Jumamosi na Jumapili hujaa tangu asubuhi. Asubuhi za katikati ya wiki kituo ni kitupu. Ili kuzijaza, vituo vingi huingia makubaliano na shule za serikali na kuwapeleka walimu wa kigeni huko kwa vipindi vichache. Hapo ndipo siku ya mwalimu inapokatwa vipande viwili, na katikati kunabaki pengo la saa saba hivi lisilolipwa.

Tuchukue siku ya kawaida. Mwalimu anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anaanza kipindi saa moja na nusu, anafundisha vipindi vinne na kumaliza kabla ya saa nne na nusu. Kipindi cha shule ya msingi Vietnam ni dakika 35, cha sekondari dakika 45. Anarudi nyumbani. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni anatoka tena, na kuanzia saa kumi na mbili kasorobo anafundisha madarasa mawili ya dakika 90 kila moja, yakitenganishwa na robo saa. Anamaliza saa tatu usiku na kufika nyumbani saa tatu na dakika 40. Siku yake imeshikwa kwa saa 15 na dakika 10. Muda aliofundisha ni saa tano na dakika 20: asubuhi saa mbili na dakika 20, jioni saa tatu. Njiani ametumia saa mbili na dakika 40, kwa mafuta yake mwenyewe.

Sasa tuseme malipo ni dong (sarafu ya Vietnam) 350,000 kwa saa. Je, kipindi cha dakika 35 kinahesabiwa kama saa moja au kama dakika 35? Kikihesabiwa kama saa, vipindi vinne vya asubuhi vinampa dong 1,400,000. Kikihesabiwa kwa dakika, anapata kama 817,000. Kwa asubuhi nne za wiki, tofauti inapita dong milioni mbili na laki tatu, na kiwango cha malipo kilichotajwa kwenye tangazo ni kile kile. Ndiyo maana nasisitiza kwamba neno «saa» lifafanuliwe ndani ya mkataba kwa dakika, shule na kituo kila kimoja kwa mstari wake. Wakala asiyeweza kujibu swali hili hajawahi kuuona mkataba anaouuza.

Baada ya hapo kuna saa za uhakika. Mkataba unaosema «hadi saa 100 kwa mwezi» haukuahidi hata saa moja. Maneno ya kutafuta ni kiwango cha chini kinacholipwa hata madarasa yasipofunguliwa, na malipo ya darasa lililofutwa siku hiyo hiyo. Madarasa hufutwa mara kwa mara: shule ina mitihani, kuna kimbunga, kuna sherehe, wanafunzi wamepungua wakaunganishwa na darasa jingine. Mwalimu aliyekwisha kuvuka mji mzima kwa pikipiki halafu akaambiwa hakuna kipindi anastahili kulipwa, lakini kama hilo halikuandikwa hatalipwa.

Sheria ya Kazi ya Vietnam ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Januari 1, 2021, inamgusa mwalimu huyu mahali pengi, na ni vizuri aisome kabla ya kusaini. Saa za kawaida za kazi hazizidi 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Kazi ya usiku huongezewa angalau asilimia 30, ila sheria inahesabu usiku kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, hivyo darasa linaloisha saa tatu usiku halimpi mwalimu nyongeza yoyote. Wengi hudhani masomo ya jioni yana posho ya usiku. Hayana.

Kifungu cha 110 cha sheria hiyo kinasema mfanyakazi wa zamu apumzike angalau saa 12 kabla ya kuingia zamu nyingine. Mwalimu anayemaliza saa tatu usiku na kuanza saa moja na nusu asubuhi ana saa kumi na nusu tu, na humo humo kuna safari mbili, chakula na usingizi. Ukidai kifungu hiki ukiwa tayari kazini, utajibiwa kwamba wewe unalipwa kwa darasa, si kwa zamu. Dawa ni kukubaliana mapema: asubuhi inayofuata jioni yenye madarasa mawili isiwe na kipindi kabla ya saa tatu, au jioni za madarasa mawili zisizidi tatu kwa wiki na zisifuatane. Kituo chenye walimu wa kutosha kinaweza kupanga hivyo. Kinachokataa kabisa kinakueleza kwamba walimu wake ni wachache, nawe ndiye utakayefidia upungufu huo.

Pumziko la wiki ni jambo zito zaidi. Sheria inataka saa 24 mfululizo kila wiki. Lakini shule za serikali zinamhitaji mwalimu Jumatatu hadi Ijumaa, na kituo kinamhitaji zaidi Jumamosi na Jumapili. Anayekubali vyote viwili bila kuangalia kalenda atajikuta hana siku hata moja ya kupumzika, huku shule na kituo kila kimoja kikiona kwamba kwake kimetoa mapumziko ya kutosha. Chagua siku moja ya katikati ya wiki, Jumatatu au Jumanne, iandikwe kwenye mkataba kuwa siku yako, asubuhi na jioni. Nusu siku mbili hazitoshi badala yake, maana katika kila nusu bado unavaa, unasafiri na kuandaa somo.

Nije kwenye lile pengo la mchana, kwa sababu ndilo linaloamua kama mtu ataimaliza miaka miwili au ataondoka baada ya miezi sita akiwa mgonjwa. Kosa la kawaida ni kulijaza masomo ya faragha. Mwezi wa kwanza fedha zinaongezeka, mwezi wa tatu sauti imekwisha. Fuateni desturi ya wenyeji: Vietnam hulala mchana, shule nyingi huwalaza hata watoto, na ofisi huzima taa. Dakika 20 hadi 30 kabla ya saa nane mchana zinatosha. Ukilala saa mbili nzima utaamka mzito na usiku hutalala. Andalio la somo lipewe saa moja na nusu, kwa wakati ule ule kila siku, kisha daftari lifungwe. Chakula kikuu kiliwe kati ya saa tisa na nusu na saa kumi alasiri. Anayesubiri kula baada ya darasa hula wali na nyama saa nne usiku na kulala tumbo limejaa, kiungulia hakimwachi. Usiku supu nyepesi inatosha. Na kahawa ya Vietnam ni robusta, yenye kafeini karibu maradufu ya arabika yetu ya Kilimanjaro. Isinywewe baada ya saa tisa alasiri, hata kama mwenyeji wako anainywa saa mbili usiku na kulala.

Nyumba ipangwe karibu na kituo cha jioni, wala si karibu na shule ya asubuhi. Kituoni utakwenda mara nyingi zaidi kwa wiki, utatoka usiku, na saa ya kwenda huko, kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni, ndiyo saa ya foleni mbaya kuliko zote. Hanoi hasa, angalieni Mto Mwekundu. Mtu anayeishi Long Biên na kufundisha Cầu Giấy lazima avuke daraja wakati mji mzima unavuka, na Daraja la Chương Dương jioni husimama kabisa. Umbali wa kilomita kumi unaweza kula saa nzima mvua ikinyesha. Omba shule na kituo viwe upande mmoja wa mto.

Kuhusu pikipiki, ile yenye injini isiyozidi cc 50 haihitaji leseni, na mgeni asiye na leseni inayotambuliwa nchini humo aishie hapo. Akiendesha kubwa zaidi na kupata ajali, bima itakuwa na sababu ya kukataa kulipa matibabu. Tangu Januari 1, 2025 faini zimepandishwa sana: kupita taa nyekundu kwa pikipiki ni dong milioni 4 hadi 6, ambayo ni malipo ya jioni kadhaa.

Darasa la jioni lenyewe lina ufundi wake, na mwalimu mzuri wa shule zetu anaweza kushindwa akilifundisha kama la asubuhi. Mtoto wa miaka saba anayeingia saa kumi na mbili kasorobo ametoka nyumbani alfajiri, amekaa katika darasa la watoto zaidi ya 40, amekunywa maziwa ya pakiti nyuma ya pikipiki ya baba yake. Na nusu ya wenzake bado wako kwenye foleni. Dakika 15 za mwanzo usifundishe jambo jipya hata kidogo. Weka picha na maswali ya maneno ya wiki iliyopita, mchezo ambao anayechelewa anaweza kuingia katikati bila kuelezwa chochote. Jambo jipya liingie kati ya dakika ya 15 na ya 45: maneno manane na muundo mmoja wa sentensi. Ukipeleka maneno 15, utayarudia yote wiki ijayo kana kwamba hayajawahi kusemwa. Dakika ya 45 wasimame, watembee, wabebe kadi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kuandika kuje baada ya hapo, wakiwa wametulia. Dakika 10 za mwisho andaa sentensi moja ambayo kila mtoto ataweza kuisema mwenyewe, kwa sababu mzazi amesimama nje ya kioo na atamuuliza mtoto amejifunza nini kabla hajavaa kofia ya pikipiki. Mzazi akisikia sentensi nzima, mtoto atasajiliwa muhula ujao, na darasa lako halitafungwa. Saa zako za kazi zinategemea hilo kuliko mapambo ya ukutani.

Msaidizi wa darasa, ambaye karibu kila kituo humpa mwalimu mgeni, apewe kazi kabla watoto hawajaingia: nani anapeleka watoto chooni, nani anasahihisha madaftari, lini atafsiri. Akiachwa atafsiri kila sentensi, watoto huacha kukusikiliza na kusubiri Kivietnamu. Atafsiri maelekezo ya mchezo mgumu na masuala ya usalama, basi.

Watu wazima wa saa moja na nusu usiku wanataka kitu kingine. Wamekaa mbele ya kompyuta kutwa, hivyo kuanza na zoezi la kusikiliza ni kuwalaza. Anza na mazungumzo ya wawili wawili, wamesimama, dakika kumi. Kazi nzito ya insha iwekwe katikati, na mwishoni waandike mpangilio wa hoja tu, insha yenyewe wakaimalizie nyumbani. Kwa matamshi, sikiliza konsonanti za mwisho. Mvietnamu hukata sauti ya mwisho wa neno, na pamoja nayo hupotea alama ya wingi na ya wakati uliopita. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna tabia ya kinyume, ya kuongeza irabu mwishoni, kwa hiyo mwalimu anayetoka kwetu ajirekodi na kujisikiliza kabla ya kusimama mbele ya darasa la namna hii. Akisharekebisha hilo, ana faida kubwa: yeye mwenyewe alijifunza lugha hii shuleni, na anajua kanuni ya kila kitu anachosahihisha.

Sauti ndiyo kifaa cha kazi. Darasa la asubuhi lenye watoto 45, sakafu ya vigae na madirisha wazi barabarani halishindwi kwa kupaza sauti. Nunua kipaza sauti kidogo kinachofungwa kiunoni, walimu wa huko wengi wanacho. Fundisha ishara ya kupiga makofi wiki ya kwanza na usiongee kabla hawajanyamaza. Koo likikauka usinong'one kwa kudhani unalipumzisha, maana kunong'ona nako kunaikaza sauti. Nyamaza kabisa mchana ule, kunywa maji. Januari Hanoi hushuka hadi nyuzi kumi na kitu, madirisha hufungwa na mafua huzunguka darasa zima.

Kwa upande wa karatasi, nitaeleza lile linalohusu zamu mbili. Kibali cha kazi cha Vietnam, kinachotolewa kwa muda usiozidi miaka miwili, kimefungwa kwa mwajiri. Kituo kikikupeleka shule ya serikali kwa makubaliano yake, uko chini ya mwajiri mmoja. Ukijitafutia mwenyewe kituo cha pili cha jioni bila kibali kwa kazi hiyo, unafanya kazi bila kibali, na adhabu ni faini ya dong milioni 15 hadi 25 na kufukuzwa nchini. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeingia na viza ya mtandaoni ya siku 90 akiambiwa kibali kitafuata. Shahada na hati ya polisi ya tabia njema lazima viidhinishwe na wizara ya mambo ya nje ya nchi yako kisha ubalozi wa Vietnam, ambao upo Dar es Salaam. Anzeni na shahada. Hati ya polisi iwe ya mwisho, maana isizidi miezi sita tangu itolewe siku maombi yanapopelekwa. Na mwajiri haruhusiwi kushikilia vyeti vyako halisi, kifungu cha 17 cha ile Sheria ya Kazi kinakataza.

Mwaka nao una mashimo yake. Shule za serikali hufunga mwishoni mwa Mei na kufungua Septemba 5, kwa hiyo asubuhi za miezi mitatu hazina malipo isipokuwa kituo kina masomo ya kiangazi. Tet, mwaka mpya wao kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, hufunga vituo kwa muda mrefu kuliko siku tano za sikukuu zinazolipwa kisheria, na anayelipwa kwa saa hapati kitu kwa siku zinazozidi. Wekeni akiba kuanzia Oktoba. Mgeni ana haki ya siku mbili zaidi zenye malipo, moja ya mwaka mpya wa jadi yake na moja ya sikukuu ya taifa lake. Mkenya aidai Desemba 12 yake, wengi hawaijui.

Kodi kwa asiyefikisha siku 183 nchini ni asilimia 20. Anayezifikisha hulipa kwa ngazi kuanzia asilimia 5. Kituo kikikata asilimia 10 tu kwa kisingizio cha mkataba wa muda mfupi, omba hati ya makato kila mwaka. Mkataba wa mwaka mmoja na zaidi huleta makato ya hifadhi ya jamii, asilimia 8 kwa ajili ya pensheni, ambayo mgeni anaweza kuyadai kwa mkupuo kazi inapokwisha. Tunza kila hati ya mshahara.

Ombi langu kwako, Mhariri: tangazo la kazi ya ualimu Vietnam linapoletwa kwenye gazeti lako, dawati la matangazo limtake wakala ajaze mambo matano kabla halijachapishwa. Kipindi kimoja ni dakika ngapi na kinalipwa kiasi gani. Saa za uhakika kwa mwezi. Siku ya mapumziko. Jina la mwajiri atakayeomba kibali. Na ratiba ya wiki moja ya mwalimu aliyeko kazini sasa hivi, yenye saa ya kuanza na ya kumaliza kila kipande cha siku.

Wako,
Mwalimu wa masomo ya jioni,
Hanoi